Pai ya stroberi, rasiberi au bluberi: uoke ipi kiangazi hiki cha Maine?

Kiangazi cha Maine, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, ni kifupi, na beri zake huja kwa zamu. Stroberi hutangulia mwishoni mwa Juni. Rasiberi hufuata Julai, na kabla Julai haijaisha bluberi za porini huanza kuiva, zikaendelea karibu Agosti yote. Blakiberi hufunga msimu. Kila moja ikiingia sokoni, watu huulizana: hii inafaa pai? Zote zinafaa, ila hazifai pai ya aina moja. Ukichukua mapishi ya bluberi ukatia stroberi, utatoa kwenye oveni mchuzi mwekundu uliolowesha ganda la chini, na utadhani mkono wako ndio mbovu, kumbe tunda lenyewe halikutaka kuokwa namna ile.

Nawaandikia hasa wenzangu tuliohamia huku. Portland na Lewiston zina watu wengi wanaosema Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania, na wengi wetu tunajua kusukuma chapati kuliko tunavyoijua oveni. Ila hata aliye Limuru akanunua stroberi kando ya barabara, au mwenye mforosadi uani kwake, atapata lake humu.

Anza na maji

Stroberi ni maji karibu asilimia 91. Blakiberi na forosadi ni kama asilimia 88, rasiberi 86, bluberi 84. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uihesabu kwa upande wa pili: katika gramu 900 za stroberi, kitu kisicho maji ni kama gramu 80 tu. Katika gramu 900 za bluberi ni zaidi ya 140. Moto na sukari hufanya kazi moja, kuyatoa hayo maji ndani ya tunda, na yakishatoka hayana pa kwenda ila kwenye ganda.

Halafu kuna ngozi. Kila punje ya bluberi imefungwa ndani ya ngozi yake. Ikipasuka hupasuka mwishoni, na hata ikipasuka bado unaiona ni punje. Stroberi haina ngozi ya kuishika. Nusu saa ya moto inatosha kuilegeza yote, na rangi yake nyekundu inachujuka ikawa ya kahawia iliyopauka. Bluberi kinyume chake, moto unazidi kuitia rangi, tena ukiongeza limau zambarau yake inang'aa. Bluberi pia ina pektini ya kiasi, ile inayofanya jemu igande, wakati stroberi ina kidogo.

Kwa hiyo kabla hujauliza tunda lipi ni tamu zaidi, uliza lipi linaweza kukaa ndani ya moto kwa saa nzima likatoka na heshima yake.

Stroberi: oka ganda, usioke tunda

Msimamo wangu juu ya stroberi ni mkali kidogo. Stroberi nzuri ya mwisho wa Juni haifai kuingia kwenye oveni. Imeiva juani, imechumwa asubuhi, ina harufu inayojaza gari zima unaporudi nayo, na wewe unataka kuichemsha dakika hamsini chini ya kifuniko cha ngano? Kinachofaa ni pai mbichi: ganda linaokwa peke yake mpaka likauke na kuwa la dhahabu, kisha linajazwa stroberi ambazo hazijaguswa na moto, zikashikanishwa na rojo la stroberi nyingine chache zilizopikwa.

Chukua kilo moja. Robo yake, yaani gramu 250, uzichague zile laini na zenye michubuko, uziponde kwa uma ndani ya sufuria. Tia sukari gramu 150, wanga wa mahindi (konifulawa) vijiko vikubwa vitatu vilivyokorogwa kwenye nusu kikombe cha maji baridi, na chumvi kidogo sana. Koroga juu ya moto wa kati. Mwanzoni rojo litakuwa la waridi lenye ukungu mweupe. Likianza kutokota utaliona linabadilika, weupe unaondoka, linakuwa jekundu lenye kung'aa na zito kiasi cha mwiko kuacha njia chini ya sufuria. Liache litokote dakika moja au mbili zaidi, kwani wanga wa mahindi ambao haukuchemka sawasawa hubaki na ladha ya unga na kesho yake hulegea. Epua, tia kijiko kikubwa cha maji ya limau, lipoe mpaka liwe vuguvugu tu. Ndipo uchanganye na stroberi gramu 750 zilizobaki, nzima au zimekatwa mara mbili, umimine kwenye ganda lililopoa. Friji saa tatu au nne. Krimu iliyopigwa juu, basi.

Stroberi yenyewe uichague kwa macho na pua. Tazama pale inapokutana na majani yake: ikiwa nyeupe hapo, ilichumwa mapema, na haitaongeza utamu nyumbani, maana stroberi ikishachumwa haiendelei kuwa tamu. Ndiyo sababu zile kubwa za dukani zinazosafirishwa kutoka California mwaka mzima zinapendeza machoni zaidi ya mdomoni. Zinachumwa zikiwa na ugumu wa kuhimili safari. Mashamba ya kujichumia ya Maine yana zile ndogo, nyekundu mpaka kiini. Nenda asubuhi kabla jua halijazipasha joto, beba chombo kipana kisicho na kina, usizirundike. Zioshe zikiwa na majani yake, ndipo uyang'oe. Ukiyang'oa kwanza maji yanaingia ndani, na maji unayo ya kutosha tayari.

Udhaifu wa pai hii ni kwamba haisubiri. Iandae asubuhi, iliwe jioni. Kesho yake ganda limelowa na stroberi zimeanza kutoa maji. Haigandishwi, na kuisafirisha kwa gari saa mbili siku ya joto kwenda kwenye sherehe ya mtu ni kujitafutia huzuni.

Wenyeji watakutajia pai ya stroberi na rubabu, ule mmea wa vikonyo virefu vyekundu vyenye uchachu mkali, nayo huokwa kweli. Ni nzuri kwa anayependa uchachu. Lakini hapo stroberi inakuja kulainisha rubabu, yenyewe siyo mgeni rasmi. Ukinunua rubabu yenye majani, yatupe majani, yana sumu. Kinacholiwa ni kikonyo tu.

Rasiberi: mwenza mzuri

Kwa harufu, sidhani kuna beri inayoishinda rasiberi. Kwa pai, peke yake inasumbua. Ni tupu katikati na imeundwa na vijipunje vidogo vilivyoshikana, kwa hiyo moto unaivunja yote na unabaki na kitu kinachokaribia jemu, kimejaa mbegu zinazoingia kwenye meno. Bei yake nayo iko juu kwa kuwa inachumwa kwa uangalifu na inaharibika upesi. Ukiiosha jioni, asubuhi utakuta ukungu. Ujaze pai nzima kwa visanduku vile vidogo? Afadhali uzile hivyohivyo, au uziweke theluthi moja dhidi ya theluthi mbili za bluberi. Mchanganyiko huo ni mzuri sana: bluberi inashika umbo, rasiberi inaleta uchachu na harufu ambayo bluberi haina.

Blakiberi iko kati ya hizo mbili. Inaokeka, mbegu zake ni ngumu zaidi, na msimu wake unaingia mwishoni mwa Agosti. Ioke kwa mtindo wa bluberi, nitakaoueleza mbele.

Bluberi: hapa ndipo pai ya kuokwa ilipo

Lazima kwanza tutofautishe bluberi mbili, kwani dukani zinakaa karibu na watu huziona ni kitu kimoja.

Ile kubwa, laini, inayokaribia ukubwa wa zabibu, inatoka kwenye vichaka virefu vinavyopandwa mashambani. Historia yake ni fupi: mkulima Elizabeth White wa New Jersey na mtaalamu wa mimea Frederick Coville walichagua vichaka bora vya msituni wakavizalisha, na mavuno ya kwanza ya kuuzwa yakatoka 1916. Ni tunda zuri la kula kwa mkono.

Ile ndogo haikupandwa na mtu. Inaota yenyewe chini chini, kimo cha kifundo cha mguu au goti, kwenye nyanda za mchanga na mawe zilizoachwa na barafu ya kale, hasa kaunti ya Washington mashariki mwa Maine, kuelekea Machias. Wenyeji wa asili wa huku, Wapassamaquoddy na jamaa zao, waliichuma na kuchoma nyanda hizo ili vichaka vichipue upya muda mrefu kabla ya Wazungu kufika. Hadi leo shamba huzaa kwa zamu ya miaka miwili: mwaka mmoja linakatwa au kuchomwa likachipua, mwaka wa pili linavunwa. Sehemu kubwa sana ya mavuno hugandishwa mara moja, ndiyo maana mfuko wa bluberi za porini unaupata kwenye friza za maduka makubwa hata Januari. Mwaka 2011 bunge la Maine liliitangaza pai ya bluberi za porini kuwa kitindamlo rasmi cha jimbo, na kwa hilo nawaunga mkono kwa moyo wote.

Kwa pai, ndogo inashinda kubwa, na sababu haina siri. Punje ikiwa ndogo, ngozi inakuwa nyingi kwa uzito uleule, na rangi pamoja na sehemu kubwa ya ladha imo kwenye ngozi. Punje ndogo pia hazitoi dimbwi la maji kila inapopasuka moja. Na zinajipanga zikashikana, hivyo kipande cha pai kinakatika kikasimama chenyewe kwenye sahani. Ukioka na zile kubwa utapata pai ya kuliwa bila malalamiko, tamu, ila ladha yake ni ya upole mno na katikati kuna nafasi za maji. Nikiwa nimekwama nazo huponda robo yake kwanza na kuongeza limau.

Ukinunua za porini mbichi, kwenye vibanda vya barabarani au soko la wakulima la Portland pale Deering Oaks siku za Jumamosi, zimwage kwenye sinia uzipepete: majani makavu na vijiti vyepesi vitaruka. Zile za kijani zitoe, za nyekundunyekundu acha chache, zina uchachu na pektini. Anayetumia kadi ya SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, aulizie kuhusu mpango wa Maine Harvest Bucks, unaomwongezea fedha za kununulia matunda na mboga kwenye masoko yanayoshiriki.

Kwa chombo cha sentimita 23: bluberi za porini gramu 900, sukari gramu 150, wanga wa muhogo vijiko vikubwa vinne vya kusawazisha, maji ya limau kijiko kikubwa kimoja na nusu, chumvi robo ya kijiko cha chai, na kipande kidogo cha siagi kukatakata juu. Mdalasini? Watu wanaweka. Mimi siweki, kwa sababu bluberi za porini zina harufu yao tulivu na mdalasini unaimeza. Iliki kidogo sana, punje mbili zilizotwangwa, hukaa vizuri zaidi, na Mswahili yeyote atakayeonja atajua ni mkono wa nyumbani. Onja beri kabla ya kupima sukari. Mapishi mengi ya Marekani yana sukari gramu 200 na zaidi, na sioni haja.

Anza na oveni ya nyuzi 220 za Selsiasi (425 za Farenhaiti) kwa dakika 20, trei yenye kingo iwe chini kudaka matone. Shusha hadi 190 (au 375), uoke dakika 40 hadi 50 zaidi. Usiitoe kwa kuwa juu imepata rangi. Tazama katikati kabisa, kwenye tundu la kifuniko. Mapovu ya kwanza hutokea pembeni, membamba, ya haraka, ya rangi ya maji. Hayo hayakuambii kitu. Subiri mpaka mapovu yafike katikati na yabadilike tabia: yawe mazito, yanapanda polepole, yanapasuka kwa uvivu na kuacha alama. Hapo wanga umeiva. Juu ikianza kuwa nyeusi kabla ya hapo, ifunike kwa karatasi ya foili.

Kisha iache ipoe saa nne. Najua ni vigumu nyumba inaponukia namna ile. Lakini pai iliyokatwa ikiwa moto humwaga kila kitu, kwa kuwa wanga hushika unapopoa.

Cha kulifanya rojo liwe zito: ngano, mahindi au muhogo

Hapa wengi hukosea dukani, na sisi tuliokulia kwenye muhogo tungepaswa kuwa mabingwa. Tapioka ni wanga wa muhogo, ule unaotuama chini ukikuna muhogo, ukaukamua na kuacha maji yake yatulie. Mweupe, unateleza vidoleni, ukiubana unalia. Unga wa muhogo wa ugali au fufu ni kitu kingine: huo ni muhogo mzima uliosagwa, una nyuzi zake, na ule uliovundikwa una harufu yake kali ambayo hakuna anayeitaka kwenye pai. Duka la Waafrika au la Waasia litakuwa na vyote viwili kwenye rafu moja, basi soma paketi mpaka uone neno tapioka.

Unga wa ngano hulifanya rojo liwe zito, lakini unahitaji karibu mara mbili ya kiasi cha wanga wa mahindi, na rojo linakuwa na ukungu. Kwa bluberi, ambayo ni nyeusi tayari, ukungu hauonekani sana, na bibi wengi wa huku wametumia ngano maisha yao yote. Wanga wa mahindi unashika vizuri na unakatika kwa kisu, ndiyo maana nimeuchagua kwa stroberi, lakini unataka uchemke kabisa, na ukigandishwa kisha ukayeyushwa hutengana na kutoa maji. Wanga wa muhogo unaiva kwenye joto la chini zaidi, unakuwa wazi kama kioo, na unavumilia friza. Kwa pai yoyote ya kuokwa, mimi sitafuti kingine.

Ganda

Kwa pai yenye chini na juu: ngano nyeupe gramu 315, siagi ya maziwa gramu 225 (zile fimbo mbili za Marekani), chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kikubwa, na maji ya barafu vijiko vikubwa sita hadi vinane. Kwa pai ya stroberi gawa nusu.

Aliyezoea chapati lazima ajizuie. Chapati inataka kukandwa mpaka ilainike, maji ya vuguvugu, ikapumzike, ivutike. Kinyunya cha pai kikivutika kimeshaharibika: kitakuwa kigumu na kitanywea kwenye oveni. Siagi iwe baridi kutoka friji, iingizwe kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ibaki vipande vya ukubwa wa mbaazi, vionekane kwa macho. Maji uyanyunyize, ukusanye tu mpaka kishikane, ukifunge, kikae friji saa moja. Kibao na mti wa kusukumia chapati vinafaa kabisa.

Siagi au mafuta magumu? Siagi ina ladha, mafuta magumu yanasukumika kwa urahisi na hayayeyuki upesi jikoni pa joto. Samli ni mafuta matupu bila maji, inatoa ganda linalovunjikavunjika badala ya matabaka, lakini kwa harufu inakubalika sana na bluberi. Majarini ya kupaka mkate ni laini mno kwa kazi hii. Nikipewa uhuru, siagi yote. Siku ya joto kali, theluthi mbili siagi na theluthi moja mafuta magumu.

Juu, bluberi za porini zinatosheka na kifuniko kizima chenye matundu matano au sita. Bluberi kubwa, mchanganyiko wenye rasiberi, na forosadi zinataka vipande vilivyosukwa kama mkeka, kwa sababu nafasi zilizo wazi zinaruhusu mvuke utoke na rojo lipungue maji. Siyo mapambo tu.

Ganda la stroberi linalookwa tupu lilaze foili ndani, ujaze maharage makavu, uoke kwa nyuzi 200 dakika 25, utoe foili na maharage, uoke tena dakika 10 hadi 15 mpaka chini pakauke na kupata rangi. Maharage hayo hayapikiki tena; yaweke kwenye kopo kwa pai ijayo.

Aliye nyumbani, mwenye forosadi

Forosadi nyeusi iliyoiva ni tamu na ina uchachu mdogo, kwa hiyo ikiokwa yenyewe inakuwa tamu tupu. Dawa ni ndimu: vijiko vikubwa vitatu kwa gramu 900, sukari ishuke hadi gramu 120, na wanga wa muhogo upande hadi vijiko vitano. Kikonyo chembamba kijani kinapita katikati ya tunda. Kikate kwa mkasi, usikivute, utalipasua. Ukichuma na chache nyekundu ambazo hazijaiva, uchachu wao unasaidia. Inaokeka kwa mtindo wa bluberi na rangi yake ni nzito ya ajabu. Vaa nguo ya kazi.

Kwa mwenye stroberi za nyanda za juu, pai mbichi ndiyo yake, na ina faida moja kubwa kwa asiye na oveni: kinachookwa ni ganda tu. Sufuria zito lenye mchanga chini, mkaa kidogo chini na mwingine juu ya kifuniko, namna watu wanavyopalia mkate wa kumimina, vitaliokea ganda jembamba. Rojo unalipika jikoni kawaida.

Kwa hali yako

Ukiwa na wageni jioni hiyohiyo, joto limekuzidi na hutaki oveni iwake saa nzima, chagua stroberi. Watoto pia huipenda zaidi, na wanaweza kuipanga wenyewe. Ukiwa unapeleka pai kanisani, msibani au kwenye harusi, chagua bluberi za porini bila kufikiri mara mbili: inasafiri, inakaa siku mbili mezani bila kuharibika, na siku ya pili ni tamu zaidi. Kwa mgonjwa au mzee asiyependa mbegu, bluberi tena. Rasiberi, blakiberi na stroberi zote zina mbegu za kusumbua meno ya bandia. Mwenye bajeti ndogo anunue bluberi za porini zilizogandishwa, kwani ubora wake hauko mbali na wa mbichi na hakuna cha kutupa. Anayetaka harufu ya kushangaza mezani na hajali gharama achanganye rasiberi.

Ukioka mara ya kwanza kabisa maishani, usianze na stroberi kwa kuwa inaonekana rahisi. Ganda tupu linanywea, linavimba chini, na halina pa kujificha. Kifuniko cha bluberi kikipasuka, rojo litafoka pale na watu watasifu.

Bluberi zilizogandishwa zitie zikiwa bado ngumu, usiziyeyushe, ukaongeza kijiko kimoja cha wanga wa muhogo na dakika 15 za oveni. Unaweza pia kuipanga pai yote mbichi, kuifunga vizuri na kuigandisha hadi miezi mitatu, ukaioka moja kwa moja ikitoka friza kwa dakika 20 hadi 25 za ziada. Hiyo ipangie kwenye chombo cha bati au foili. Cha glasi kikitoka friza kikaingia oveni ya nyuzi 220 kinapasuka.